Amplifaya inayojibu bila kuulizwa

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, korosho zimeanza kutoka mashambani, na harusi Mtwara hazikamatiki. Vijana wanne walikuwa uani kwangu Magomeni wakijaribu vyombo kabla ya kwenda kupiga ukumbini usiku huo. Nasema Magomeni yetu ya Mtwara, maana msomaji wa Dar es Salaam akisikia jina hilo huwaza Magomeni ya kwao. Mpiga solo akachomeka gitaa, akawasha amplifaya, akangoja valvu zipate moto. Hajagusa uzi hata mmoja, spika ikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Akapiga noti moja. Noti ikatoka, kisha ikarudi na mwangwi mrefu kama wa mtu aliyeita ndani ya kisima.

"Punguza eko," nikamwambia.

"Eko iko sifuri, mjomba. Njoo uone."

Nikaenda, nikaona. Nobu ilikuwa sifuri kweli. Akasogea kwenye maikrofoni ajaribu sauti, mara akaruka nyuma ameshika mdomo. "Na maiki nayo inauma," akasema, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea, na wenzake wala hawakugeuka. Mpiga besi akatoa hukumu ambayo nimeisikia miaka yote: valvu zimekufa, hii peleka kwa wa vyuma chakavu, ununue ya kisasa.

Walikwenda harusini na amplifaya ya kuazima. Mimi nilibaki naitazama yangu. Ilitengenezwa Marekani miaka ya 1970, ikanifikia kwa mkono wa ndugu aliyerudi nyumbani, na kwa sauti yake ya solo sijaona ya kuilinganisha nayo. Valvu, kwa asiyezijua, ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa ndani. Mwingereza John Ambrose Fleming ndiye aliyetengeneza ya kwanza mwaka 1904, na kwa miongo kadhaa karibu redio zote za dunia ziliongea kwa vichupa hivyo. Baadaye ikaja transista, ndogo, rahisi, isiyopata moto sana, na valvu zikaondoka karibu kila mahali. Kwa wapiga gitaa hazikuondoka. Ukiibana valvu kwa sauti kubwa haikatiki ghafla, inalainika na kunenepa, na sikio la binadamu linaipenda sauti hiyo.

Jumatatu asubuhi nikaipakia kwenye bajaji pamoja na gitaa langu hadi kwa fundi mmoja mzee wa redio. Kibaraza chake kina meza, taa moja na makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu. Alianza kazi wakati redio za valvu zikiwa bado sebuleni kwa watu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Inaumwa nini?"

Nikamweleza. Nikamalizia kwa kusema kuwa huenda valvu zimekufa. Akanitazama kidogo, akasema, "Kila kelele ina kwao. Usiifukuze kabla hujajua inakaa wapi."

Hakufungua hata skrubu moja. Aliiwasha, ikavuma, akachomoa gitaa. Mvumo ukapungua karibu nusu. Basi, akasema, hapa tuna kelele mbili, si moja. Moja inatoka nje na kupitia kwenye gitaa, nyingine iko ndani ya sanduku. Angeanza kubadilisha valvu pale pale, angeponya nini? Ile ya nje ingebaki, nami ningeondoka nikiamini valvu mpya nazo ni mbovu.

Akarudisha gitaa na kuniambia nisimame nalo, kisha nigeuke taratibu kama mtu anayetafuta kibla. Nilipoelekea upande mmoja mvumo ulipanda, nilipogeuka robo ukafifia karibu kuisha. Pikapu za gitaa langu ni za koili moja, na koili ya waya hainasi nyuzi peke yake. Inanasa kila kinachovuja umeme karibu nayo: tyubulaiti, rigeleta ya feni, chaja ya simu ya bei poa. Simu yenyewe ikitaka kuita utasikia ile "didididi" kwenye spika sekunde chache kabla haijalia. Dawa ya hayo haiko kwenye amplifaya. Zima taa, chomoa chaja, geuka. Uani kwangu nilikuwa nimetundika tyubulaiti mbili juu kabisa ya vijana wale.

Kisha akashika plagi. Hapo ndipo sura yake ilipobadilika.

Plagi ya Kimarekani ya miaka ile ina pini tatu, mbili bapa na moja ya duara. Hii ya duara ndiyo ya ethi. Yangu ilikuwa imekatwa kwa koleo. Aliyeikata ni mimi. Amplifaya hii inataka volti 120, sisi tunatumia 230, kwa hiyo nilinunua transfoma ya kushusha umeme, na tundu lake lilikuwa la pini mbili tu. Muuzaji akaniambia kata hiyo ya tatu, haina kazi. Nikakata.

Kazi yake ni hii. Bati la chuma lililobeba saketi yote ya amplifaya limeunganishwa na pini ile. Ikiwepo, na waya ukifika kweli kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa nje ya nyumba, umeme wowote unaovuja kwenye bati unakwenda ardhini. Isipokuwepo, bati linabaki linaelea, limebeba volti ambazo hakuna aliyeziita. Nyuzi za gitaa zimeungana na bati. Mpiga gitaa ameshika nyuzi. Akiweka mdomo kwenye maikrofoni ambayo ethi yake ni nzima, njia ya kwenda ardhini inapita midomoni mwake. Ndiyo maana maiki "ilimuuma" yule kijana. Mei 1972, katika ukumbi mmoja mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni mbele ya watazamaji akiwa na gitaa mkononi, na umeme ukamuua jukwaani. Chanzo kilikuwa kasoro ya ethi.

Fundi akaweka plagi mpya ya pini tatu, akavusha waya wa ethi kupitia transfoma hadi kwenye soketi, akapima kwa mita kuhakikisha unafika. Akaniuliza fimbo ya ethi nyumbani imezikwa wapi. Nikasema kwenye mchanga, nyuma ya jiko. Mchanga wa pwani ukikauka ni mpokeaji mbaya wa umeme, ndiyo maana mafundi wetu huzungushia fimbo mkaa na chumvi, na wengine humwagia maji kiangazi kikikaza. Nilikuwa nikidhani ni ushirikina wa mafundi. Sivyo. Mkaa hushika unyevu, chumvi hurahisisha njia, na fimbo inafanya kazi yake.

Tukawasha tena. Mvumo ulipungua sana, lakini kitu kilibaki chini yake.

Sasa akaniomba nipige uzi wa sita, ule mnene, kwenye kizuizi cha tatu. Hiyo ni noti ya G. Nikapiga, akainamisha sikio. Mvumo wa spika na noti yangu vilikuwa karibu kulingana, vikisuguana kidogo tu. "Kapasita," akasema, bado hajafungua amplifaya.

Nilimwomba anieleze, na hesabu hii naiweka hapa kwa sababu itamsaidia kila mpiga gitaa mwenye masikio. Umeme wetu unageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde. Ndani ya amplifaya unageuzwa kuwa wa upande mmoja, na kazi hiyo inazaa mawimbi 100 kwa sekunde, ambayo kapasita kubwa za kuchuja zinatakiwa kuyalainisha yasisikike. G ya kizuizi cha tatu ina mitetemo 98 kwa sekunde. Kwa hiyo mvumo unaokaribiana na noti hiyo unatoka baada ya umeme kugeuzwa, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita zilizochoka. Mvumo ukiwa chini zaidi, oktavu nzima, sawa na G ya kizuizi cha tatu kwenye gitaa la besi, huo ni wa 50, umeme ambao haujageuzwa: tafuta kwenye ethi, kwenye kebo, au kwenye nyaya zinazopasha valvu moto. Kule Marekani umeme wao ni mizunguko 60, na vitabu vyao vinataja 120. Ukivifuata neno kwa neno ukiwa Mtwara, sikio litatafuta noti isiyokuwepo.

Kapasita za namna hii zina maji ya kemikali ndani. Miaka inayakausha, na joto letu linaharakisha. Hazikutengenezwa ziishi nusu karne, na zangu zilikuwa zimefika hapo. Zikikauka zaidi huacha hata sauti ya hatua moja ya saketi ivujie hatua nyingine, utasikia noti za kivuli chini ya zile unazopiga, au "tutututu" kama mashine ya boti inayotoka Msimbati.

Hapo ndipo alipofungua, na hapa naomba msomaji asiige kwa sababu tu amesoma gazetini. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 400 na zaidi. Kapasita zile huzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi, wakati mwingine kwa muda mrefu. Mzee alichomoa, akasubiri, akatoa waya wenye rizista kubwa katikati na klipu za plastiki nene, akaunganisha upande mmoja kwenye bati na mwingine kwenye kapasita, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni muda wote. Mkono mmoja, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kisha akapima kwa mita. Alipoona namba zimeshuka karibu na sifuri ndipo alipoingiza vidole. Amefanya kazi hii miaka mingi kuliko umri wangu, na bado alipima mara mbili.

Tuliiacha kazi ya kapasita kwa siku nyingine, kwani za volti 450 hazipatikani kila duka na zilibidi ziagizwe Dar es Salaam. Nilirudi wiki iliyofuata. Akaziweka mpya, na mvumo wa G ukaisha.

Ikabaki eko, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa ya ajabu kuliko zote. Eko ya amplifaya hizi haitoki kwenye kompyuta. Chini ya sanduku kuna kisanduku cha bati chenye springi mbili au tatu nyembamba zilizotandazwa kwa urefu. Sauti inaingia upande mmoja kupitia koili ndogo inayotikisa springi, mtikisiko unakwenda na kurudi, na koili ya upande wa pili inaunasa na kuugeuza kuwa umeme dhaifu sana, ambao valvu nyingine inaukuza. Aliyeeneza ufundi huu ni Laurens Hammond, mtengenezaji wa ogani, katika miaka ya 1930. Ogani zake zilinunuliwa na watu wa majumbani, na sebule yenye zulia haina mwangwi wa kanisa, kwa hiyo akawapa mwangwi ndani ya sanduku. Kampuni ya Fender ikaingiza springi hizo kwenye amplifaya yake ya gitaa mwaka 1963, na tangu hapo mamilioni ya noti zimepitia kwenye springi.

Mzee alichomoa kebo mbili zinazoingia kwenye kisanduku. Eko ikakata. Kwa hiyo haikuwa jini wala ukumbi, ilikuwa inatoka mle. Akarudisha kebo, akakanyaga swichi ya mguu inayozima eko. Ikazima vizuri. Kwa hiyo njia yote ya sauti ni nzima, kisanduku ni kizima, valvu ni nzima, na mbovu ni nobu peke yake. Nobu kwa nyuma ina miguu mitatu, na mmoja wake umelehemiwa kwenye bati. Ukizungusha hadi sifuri, sauti ya eko inamwagwa kwenye bati kupitia mguu huo na kupotea. Akaleta taa karibu. Kwenye tone la risasi la mguu ule kulikuwa na mduara mwembamba, mweusi, kama ufa wa ukucha. Nisingeuona. Aliugusa kwa ncha ya kijiti na namba kwenye mita zikaruka huku na huko. Lehemu ilikuwa imepasuka, mguu umesimama hewani, sauti haina pa kumwagwa, na eko ikawa wazi daima, nobu iwe sifuri au kumi.

Pasi ya kulehemu, sekunde nne, tone jipya linalong'aa. Hiyo ndiyo iliyokuwa "valvu zimekufa" ya mpiga besi.

Kulikuwa na mengine madogo madogo. Vichwa vya kebo za kisanduku vilikuwa na kutu ya kijani. Upepo wa kusi unapopuliza, chumvi ya bahari inafika hadi kabatini, na koili ile inatoa umeme mdogo mno kiasi kwamba kutu kidogo tu inageuka kuwa mkwaruzo. Spiriti na kitambaa vikamaliza. Kisanduku nacho kilikuwa kimewekwa kinyume, koili ya kupokea ikiwa chini ya transfoma kubwa na kunasa mvumo wake. Akakigeuza mwisho kwa mwanzo. Valvu alizijaribu kwa kuzigonga taratibu na penseli, moja moja, amplifaya ikiwa inawaka na bati limefungwa. Nzima hunyamaza au hutoa mlio hafifu. Moja ililia kama kengele. Akaihamishia kwenye nafasi isiyokuza sana, ikatulia. Katika valvu zote zilizokuwemo, hakuna hata moja iliyokuwa imekufa.

Nimeifikiria sana hukumu ile ya uani. Vijana wale si wajinga, wanapiga vizuri kuliko nilivyopiga mimi nikiwa na umri wao. Lakini wamekua katika zama ambazo kitu kikilia kinatupwa. Bendi zetu za zamani hazikuwa na nafasi hiyo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ikawa ya umoja wa vijana, Mlimani Park ikaanza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa vya taasisi kwa sababu mwanamuziki hakuweza kuvinunua, na fedha za kigeni zilipoadimika vya kubadilisha havikuja. Muziki ule uliendelea kusikika kwa sababu kulikuwa na watu wa aina ya mzee huyu, walioketi na mita na penseli wakitafuta kelele ilipojificha. Hawatajwi kwenye nyimbo, na sidhani kama kuna mtu aliyewaandika majina. Mzee wangu hana mwanafunzi. Nilimuuliza, akasema vijana wanakuja kutengeneza simu, hawakai.

Kwa hiyo, kijana unayesoma haya ukiwa na mita na mikono isiyotetemeka, kazi ipo. Hapa Mtwara kuna makanisa, kumbi na bendi za harusi zenye vyombo vinavyovuma kila wiki.

Na jambo la ukumbi nisilisahau. Usiku wa majaribio tulikwenda kwenye ukumbi wa zege wenye paa la bati lisilo na dari. Amplifaya ilikuwa safi, eko sifuri, na bado noti zilirudi. Nikapiga kofi moja katikati ya ukumbi mtupu, likazunguka kabla ya kufa. Huo ulikuwa mwangwi wa kuta. Tulitundika mapazia mazito nyuma ya jukwaa, tukainua amplifaya juu ya kreti lililowekewa godoro ili springi zisitikiswe na sakafu, tukapunguza sauti. Watu walipojaa, miili na nguo zao zikameza kilichobaki. Solo ikatoka kavu, kila noti na mahali pake, na chini yake palibaki mchirizi mdogo wa upepo ambao amplifaya yoyote ya valvu iliyo hai lazima iwe nao.

Yule mpiga solo aliweka mdomo kwenye maikrofoni, akangoja kidogo, akaimba. Haikumuuma.

Kama amplifaya yako, ya valvu au ya kisasa, ina pini ya ethi iliyokatwa, isiwashwe tena leo. Ipeleke kwa fundi airudishe pini hiyo kabla hajagusa kingine chochote, na umwombe apime kama waya unafika ardhini.